Houston Comets msimu kwa msimu, 1997–2008: jedwali zima na namna ya kulisoma

SafuNaMstari

Wadau wa kikapu, takwimu za Houston Comets huzunguka vipande vipande. Wengi wanazo zile za makombe manne tu, miaka minane iliyofuata hawana. Naliweka jedwali lote hapa, misimu 12, tangu WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake ya Marekani, ilipoanza 1997 mpaka timu ilipovunjwa Desemba 2008. Mpangilio: mwaka, kushinda na kupoteza katika msimu wa kawaida, asilimia ya ushindi, nafasi katika kanda, kisha mtoano.

1997: 18–10, 64.3%, wa 1 Mashariki. Mtoano 2–0, BINGWA
1998: 27–3, 90.0%, wa 1 Magharibi. Mtoano 4–1, BINGWA
1999: 26–6, 81.3%, wa 1 Magharibi. Mtoano 4–2, BINGWA
2000: 27–5, 84.4%, wa 2 Magharibi. Mtoano 6–0, BINGWA
2001: 19–13, 59.4%, wa 4 Magharibi. Mtoano 0–2, raundi ya kwanza
2002: 24–8, 75.0%, wa 2 Magharibi. Mtoano 1–2, raundi ya kwanza
2003: 20–14, 58.8%, wa 2 Magharibi. Mtoano 1–2, raundi ya kwanza
2004: 13–21, 38.2%, wa 6 Magharibi. Haikufuzu
2005: 19–15, 55.9%, wa 3 Magharibi. Mtoano 2–3, fainali ya kanda
2006: 18–16, 52.9%, wa 3 Magharibi. Mtoano 0–2, raundi ya kwanza
2007: 13–21, 38.2%, wa 5 Magharibi. Haikufuzu
2008: 17–17, 50.0%, wa 5 Magharibi. Haikufuzu

Jumla ya msimu wa kawaida ni 241–149, sawa na 61.8%. Mtoano ni 20–14.

Kabla hamjainakili kokote, angalieni mstari wa kwanza. Mwaka 1997 Comets walicheza kanda ya Mashariki, wakahamia Magharibi 1998 ligi ilipoongeza timu za Detroit na Washington. Majedwali mengi huandika Magharibi misimu yote 12, na hapo hesabu ya nafasi katika kanda inaharibika tangu mwanzo.

KikapuChaTatu

Asante sana mkuu. Swali langu: 1998 na 2000 zote zina ushindi 27. Imekuwaje 2000 wakamaliza wa pili?

SafuNaMstari

Kwa sababu mwaka huo Los Angeles Sparks walimaliza 28–4. Ukichukua pengo la ushindi, ukajumlisha pengo la vipigo, ukagawa kwa mbili, unapata umbali wa timu moja kutoka kwa kiongozi. Hapa ushindi umepishana kwa 1 na vipigo kwa 1, jumla 2, gawa kwa 2: Comets walikuwa mchezo mmoja nyuma. Mwaka 2002 ni hivyo hivyo, Sparks 25–7 na Comets 24–8, mchezo mmoja. Ila 2001 Sparks walikuwa tena 28–4 na Comets 19–13, michezo tisa nyuma. Safu hii ya umbali inafaa kuongezwa kwenye jedwali, maana neno "wa pili" peke yake halisemi kama timu ilikosa nafasi ya kwanza kwa mchezo mmoja au kwa tisa.

Na ushindi 27 wa 1998 haulingani na 27 wa 2000. Wa kwanza ulipatikana katika michezo 30, wa pili katika 32.

DawatiLaHesabu

Hapo kwenye idadi ya michezo ndipo watu wanapopotea kabisa, kwa hiyo naomba nikae hapo kidogo.

Urefu wa msimu wa WNBA umekuwa ukibadilika: michezo 28 mwaka 1997, 30 mwaka 1998, 32 kuanzia 1999 hadi 2002, kisha 34 kuanzia 2003 hadi 2019. Mwaka 2020 ilichezwa 22 kwa ajili ya janga la korona, 2021 ikawa 32, 2022 ikawa 36, 2023 na 2024 ikawa 40, na 2025 ikawa 44. Maana yake ni kwamba safu ya ushindi haifai kulinganisha timu za vipindi tofauti. Tumia asilimia.

Las Vegas Aces walishinda michezo 34 mwaka 2023, idadi ambayo hakuna timu iliyokuwa imewahi kuifikia. Lakini ni 34–6, yaani 85.0%. Phoenix Mercury wa 2014 walikuwa 29–5, yaani 85.3%. Sparks wa 2000 na 2001 walikuwa 28–4, yaani 87.5%. Comets wa 1998 kwa 27–3 wako juu ya wote hao. Katika msimu wa michezo 40 timu ingehitaji 36–4 ili kuifikia tu ile 90.0%. Katika msimu wa michezo 44, 39–5 haitoshi, inaishia 88.6%. Lazima iwe 40–4.

Sasa jumla. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuchukua asilimia 12 za misimu 12, kuzijumlisha na kugawa kwa 12. Kwa Comets atapata 62.4%. Jibu sahihi ni 241 gawa kwa 390, yaani 61.8%. Tofauti imetoka wapi? Misimu yao mizuri kupita yote ilikuwa mifupi na ile mibaya ilikuwa mirefu. Ukigawa kwa 12 unaupa msimu wa michezo 28 uzito sawa na wa michezo 34, na jina la timu linapanda bila haki. Weka idadi halisi kwanza, asilimia iwe ya mwisho kabisa.

KikapuChaTatu

Na je, mtu atajuaje kama jedwali alilolipata lina makosa?

DawatiLaHesabu

Kuna vipimo vitatu vya haraka.

Cha kwanza, kila mstari: kushinda ukijumlisha na kupoteza lazima ilingane na urefu wa msimu wa mwaka huo. 28, 30, kisha 32 mara nne, kisha 34 mara sita. Jumla 390, na 241 na 149 ni 390.

Cha pili, tumia makocha. Van Chancellor aliifundisha Comets kuanzia 1997 hadi 2006, na rekodi yake ya msimu wa kawaida ni 211–111. Karleen Thompson alichukua 2007 na 2008, rekodi yake 30–38. Jumlisha: 241–149. Kama jedwali lako halikubaliani na makocha, tafuta mstari uliokosewa.

Cha tatu, angalia majirani. Mwaka 2001 Utah Starzz nao walimaliza 19–13 sawa na Comets, lakini Utah waliwekwa wa tatu na Comets wa nne. Ukipanga kwa asilimia tu, kompyuta itaamua yenyewe nani awe juu, pengine kwa alfabeti, na Houston itatangulia Utah. Ushahidi kwamba Comets walikuwa wa nne umo kwenye mtoano wenyewe: walipangiwa Sparks, walioshika nafasi ya kwanza.

MezaYaRefa

Naongeza upande wa kuingiza data, maana jedwali zuri linaweza kuharibika siku ya kwanza.

Usiandike rekodi katika kisanduku kimoja. Kwenye Excel iliyopangwa kwa tarehe zinazoanza na siku, ukiandika 27-3 itageuka kuwa tarehe 27 Machi, 26-6 itakuwa 26 Juni, 24-8 itakuwa 24 Agosti. Wakati huo huo 19-13 na 20-14 zitabaki kama maandishi, kwa sababu hakuna mwezi wa 13 wala wa 14. Unaishia na safu moja yenye tarehe na maandishi, fomula inajumlisha upuuzi, na hakuna onyo lolote. Safu ya kushinda iwe peke yake, ya kupoteza peke yake, na ile alama ya katikati iwekwe na fomula wakati wa kuonyesha tu.

Kuhusu kukadiria desimali: msimu wa 1999 ni 26 gawa kwa 32, yaani 81.25% kamili. Excel itaandika 81.3. Python, lugha ya kuandikia programu, kwa kawaida itaandika 81.2, kwa kuwa nusu kamili huisogeza kwenye tarakimu shufwa. Majedwali mawili yakipishana hapo, hakuna aliyekosea. Hifadhi tarakimu zote, ukadirie kwenye maonyesho.

NyotaNane

Mimi naomba tuongelee safu ya mtoano. Mtu mgeni akiona 1997 "2–0, bingwa" anadhani kuna michezo imesahaulika.

SafuNaMstari

Haijasahaulika. Mwaka 1997 zilifuzu timu nne tu, na kila hatua ilikuwa mchezo mmoja wa kufa au kupona. Comets waliifunga Charlotte Sting kwenye nusu fainali, kisha New York Liberty 65–51 kwenye fainali. Michezo miwili, kombe.

Mwaka 1998 nusu fainali na fainali zikawa mfululizo wa michezo mitatu, anayetangulia kushinda miwili anapita. Comets 2–0 dhidi ya Charlotte, 2–1 dhidi ya Phoenix. Mwaka 1999 timu ya kwanza ya kila kanda ilipita raundi ya kwanza bila kucheza. Comets wakaanzia fainali ya kanda, 2–1 dhidi ya Sparks, kisha 2–1 dhidi ya Liberty. Mwaka 2000 raundi zote tatu zilikuwa za mfululizo: 2–0 dhidi ya Sacramento Monarchs, 2–0 dhidi ya Sparks waliokuwa 28–4, 2–0 dhidi ya Liberty. Kwangu hiyo 6–0 ndiyo kazi kubwa kuliko zote kwenye jedwali hili, hata kuliko 27–3, kwa sababu waliipita njia ndefu kuliko miaka yote iliyotangulia na katikati yake wakaitoa timu iliyowazidi kwenye msimamo.

Kwa hiyo usiandike "0–0" kwa raundi ya kwanza ya 1999. Acha wazi na uweke alama ya kupita moja kwa moja. Sifuri maana yake ni mchezo uliopangwa ukatoa sifuri, na hapa hakukuwa na mchezo.

DawatiLaHesabu

Kwa wanaotaka fainali zenyewe, matokeo yote tisa ni haya, Comets wakitajwa kwanza. 1997 dhidi ya Liberty: 65–51. 1998 dhidi ya Mercury: 51–54, 74–69 katika muda wa nyongeza, 80–71. 1999 dhidi ya Liberty: 73–60, 67–68, 59–47. 2000 dhidi ya Liberty: 59–52, 79–73 katika muda wa nyongeza.

Ile 67–68 ndiyo ya mtupo wa Teresa Weatherspoon wa Liberty kutoka katikati ya uwanja.

Jumla ni pointi 607 kwa 545, ushindi 7 na vipigo 2. Ukigawa kwa michezo 9 unapata 67.4 kwa 60.6. Lakini michezo miwili iliongezwa dakika tano tano, kwa hiyo muda wote si dakika 360, ni 370. Ukirekebisha kwa kila dakika 40 inakuwa 65.6 kwa 58.9, pengo la pointi 6.7. Katika michezo 9 muda wa nyongeza umepandisha wastani wa Comets karibu pointi 2. Katika msimu wa michezo 34 athari ni ndogo, ila kwa mtoano usiipuuze.

NyotaNane

Hilo la wastani wa wachezaji je? Nimeona Cynthia Cooper wa Comets akiandikiwa wastani wa maisha wa 20.1 kwingine na 21.0 kwingine.

DawatiLaHesabu

Sahihi ni 21.0, na ile 20.1 ni ugonjwa ule ule wa wastani wa wastani. Tazama pointi zake:

1997: pointi 621, michezo 28, wastani 22.2
1998: 680, michezo 30, wastani 22.7
1999: 686, michezo 31, wastani 22.1
2000: 550, michezo 31, wastani 17.7
2003: 64, michezo 4, wastani 16.0

Ukijumlisha wastani tano na kugawa kwa tano unapata 20.1. Yaani michezo minne ya 2003, aliporudi akiwa na miaka 40, imepewa uzito sawa na michezo 31 ya 1999. Njia halali: pointi 2,601 gawa kwa michezo 124, jibu 21.0.

Safu ya michezo aliyocheza mtu haitakiwi kukosekana kamwe. Sheryl Swoopes, mwenzake Cooper, mwaka 1997 alicheza michezo 9 tu kwa sababu alijifungua Juni mwaka huo. Mwaka 2007 alicheza 3 kwa ajili ya maumivu ya mgongo. Ukimpanga kwa wastani bila kuweka kiwango cha chini cha michezo, misimu hiyo miwili itakaa safu moja na ile ya 2000, 2002 na 2005 ambayo alichukua tuzo ya MVP, yaani mchezaji bora wa msimu.

MezaYaRefa

Jambo ambalo halijaguswa: sheria za mchezo zenyewe zilibadilika katikati ya jedwali. Mpaka 2005 mchezo uligawanywa vipindi viwili vya dakika 20, na timu ilikuwa na sekunde 30 za kushambulia. Kuanzia 2006 ikawa robo nne za dakika 10 na sekunde 24. Dakika ni zile zile 40, lakini mashambulizi yameongezeka. Ukichora mstari wa pointi kwa mchezo kuanzia 1997 hadi 2008 utauona unapanda mwishoni na utasema ushambuliaji ulikuwa bora 2007 kuliko 1998, wakati timu ya 2007 ilipoteza michezo 21.

Dawa ni kuhesabu kwa kila mashambulizi 100. Idadi ya mashambulizi hukadiriwa hivi: mitupo yote iliyojaribiwa uwanjani, jumlisha mitupo huru mara 0.44, toa ribaundi za kushambulia (mipira ambayo timu inaidaka tena baada ya mtupo wake kukosa), jumlisha mipira iliyopotezwa. Mfano wa mazoezi tu, si mchezo halisi: mitupo 62, mitupo huru 20, ribaundi za kushambulia 10, mipira iliyopotezwa 15. Inakuwa 62 + 8.8 − 10 + 15 = 75.8. Kama timu ilifunga pointi 76, gawa 76 kwa 75.8 na uzidishe kwa 100: 100.3.

Hiyo 0.44 ipo kwa sababu si kila mtupo huru unamaliza shambulizi. Wa kwanza kati ya miwili haumalizi, na ule wa ziada baada ya kikapu kilichokubaliwa nao haumalizi. Watu wengine huweka 1, mashambulizi yanavimba na timu inayopata mitupo huru mingi inaonekana dhaifu. Kosa la pili ni kuchukua ribaundi zote badala ya za kushambulia peke yake. Utaligundua haraka, maana mashambulizi yatashuka chini ya 60 na jibu litakuwa juu mno.

KikapuChaTatu

Sasa kutoka 27–5 kwenda 19–13 ndani ya mwaka mmoja, takwimu zinasema nini?

SafuNaMstari

Zinasema ukikata jedwali vizuri. Misimu minne ya kwanza ni 98–24, yaani 80.3%. Minane iliyofuata ni 143–125, yaani 53.4%. Hiyo ni timu ya kawaida iliyo juu kidogo ya katikati, na wastani wa jumla wa 61.8% haufanani na kipindi chochote kati ya hivyo viwili.

Sababu za mpasuko wa 2001 zinajulikana. Cooper, aliyekuwa Mchezaji Bora wa fainali zote nne, alistaafu baada ya 2000. Swoopes aliumia goti kabla ya msimu wa 2001 na hakucheza hata mchezo mmoja. Pointi zikahamia kwa Janeth Arcain wa Brazil, aliyefikisha wastani wa 18.5 na kupewa tuzo ya mchezaji aliyepiga hatua kubwa zaidi. Tina Thompson, chaguo la kwanza kabisa la WNBA 1997, alibaki, naye ndiye aliyekuwepo misimu yote 12. Swoopes aliporudi 2002 timu ikapanda hadi 24–8. Ndiyo maana nashauri safu ya "waliokosekana". Bila safu hiyo, ule mshuko na ule mpando vinaonekana kama bahati.

Safu hiyo ina jina moja linalostahili kuandikwa kwa heshima: Kim Perrot, mchezesha timu wa makombe mawili ya kwanza. Aligundulika na saratani ya mapafu mwanzoni mwa 1999, hakucheza msimu ule, na alifariki Agosti 19, mtoano ukiwa karibu kuanza. Jezi namba 10 ikastaafishwa. Mstari wa 1999, 26–6 na kombe la tatu, usisomwe bila yeye.

NyotaNane

Na mwisho wake? 2008 ni 17–17 na hawakufuzu, inauma.

SafuNaMstari

Mchezo mmoja tu. Sacramento walichukua nafasi ya nne kwa 18–16.

Kwa misimu hiyo ya mwisho ongezeni safu ya uwanja. Comets walikuwa Compaq Center mpaka 2003, Toyota Center 2004 hadi 2007, kisha Reliant Arena 2008. Na kuna mtego: kimbunga Ike kilipoipiga Houston Septemba 2008, mchezo wao wa mwisho wa nyumbani ulihamishiwa San Marcos. Kwenye kumbukumbu bado ni wa nyumbani. Anayekokotoa rekodi ya nyumbani na ugenini auache hapo. Anayekokotoa rekodi ya Reliant Arena autoe.

MezaYaRefa

Kwa wanaotaka kutengeneza jedwali kama hili la timu nyingine, mitego mitatu ambayo Comets hawana.

Timu zilizohama: Utah Starzz walienda San Antonio 2003, kisha Las Vegas 2018 wakaitwa Aces. Orlando Miracle wakawa Connecticut Sun 2003. Detroit Shock walienda Tulsa 2010 na Dallas 2016. Amua mapema kama jedwali ni la klabu au la mji, uliandike hilo juu kabisa, na uweke safu ya jina la mwaka husika.

Michezo isiyochezwa: Agosti 2018 Aces hawakucheza dhidi ya Washington Mystics kufuatia safari iliyocheleweshwa mno, na ligi ikawahesabia kipigo. Walimaliza 14–20, michezo 34 kwenye msimamo, lakini wachezaji wana michezo 33 tu ya takwimu. Ukitafuta wastani wa pointi za timu, gawa kwa 33.

Kombe la Kamishna, shindano la ndani ya msimu, kuanzia 2021: fainali yake haiingii kwenye msimamo wala kwenye takwimu za msimu, ila michezo ya kufuzu kuelekea fainali hiyo inahesabika kama kawaida. Ukipakua orodha ya michezo yote ya timu iliyofika fainali utakuta mstari mmoja wa ziada. Uondoe kabla ya kujumlisha, halafu rudia kile kipimo cha kwanza cha DawatiLaHesabu.